Kabla Hujamimina: Kemikali za Nyumbani kwa Jicho la Mtengeneza Sabuni

Natengeneza sabuni ya maji na dawa ya kusafishia masinki hapa Tandika, na kazi hii ndiyo inayonilisha. Kwa hiyo sikuambii uziogope kemikali. Nitakuwa najifungia duka mwenyewe. Ninachotaka ni ujue zinavyofanya kazi, maana kitu kinachotafuna kutu kwenye sinki hakijui tofauti ya sinki na koo la mtoto.

Dukani kwangu kuna sharti moja ambalo baadhi ya wateja hulinunia. Sikupimii kwenye chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Njoo na dumu la sabuni, au nikuuzie chupa yangu yenye lebo. Juzi kijana ametumwa na chupa ya maji ya lita moja na nusu. "Shikamoo, shangazi. Mama kasema uweke humuhumu, tumeshaiosha." Nikamwambia mwanangu, shida si uchafu. Sabuni yangu ya kijani inanukia tufaa, ya rangi ya chungwa inanukia chungwa kwelikweli, nimeilipia hiyo harufu. Iweke kwenye chupa ya maji, iache sakafuni karibu na ndoo. Mtoto wa miaka miwili ataikataa kwa sababu gani? Yeye hasomi maandishi, anaitambua chupa, na chupa ya namna ile siku zote imempa kinywaji. Mtu mzima naye akirudi na kiu usiku umeme umekatika, funda la kwanza linashuka kabla pua haijafanya kazi.

Na sabuni ndiyo afadhali. Kwenye chupa hizohizo watu wanaweka mafuta ya taa, petroli ya jenereta, thina ya rangi, jiki ya kupima, maji ya betri. Maji ya betri! Ile ni asidi ya salfuriki, na haina rangi. Ukiniuliza hatari ya kwanza ya kemikali majumbani mwetu iko wapi, sitakutajia kemikali yoyote. Nitakuonyesha hiyo chupa.

Kuna na upande wa pili wa jambo hilohilo: dumu tupu. Dumu lililokuwa na dawa ya kuua wadudu au dawa ya kuogeshea mifugo halioshwi likafaa kwa maji ya kunywa au mafuta ya kula, hata ulisugue kwa mchanga na sabuni. Plastiki imeshakunywa dawa. Kabla ya kulitupa litoboe kwa msumari au ulipasue kwa panga. Usipofanya hivyo, waokota makopo watalichukua, na wiki ijayo litakuwa sokoni linauzwa kama dumu la kuchotea maji.

Pa kuweka, kama una chumba kimoja

Maelekezo mengi yanasema weka kemikali kwenye kabati la juu lenye kufuli. Wengi wetu tuna chumba na sebule, au chumba tu, na kabati lililopo ni la nguo. Basi fanya hivi: tafuta ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko kinachobana, kile ambacho hata wewe unakifungua kwa kuguna. Weka chupa zako humo, zikiwa wima, kisha ndoo ipande juu ya kabati la nguo. Kama huna hata kabati, piga msumari imara ukutani juu ya bega la mtu mzima, mbali na kitanda na meza ya kupandia, utundike kikapu. Uvunguni si mahali. Uvungu ni uwanja wa michezo wa mtoto anayetambaa.

Asidi na jiki zisikae ndoo moja. Mafuta ya taa, petroli na thina zisikae karibu na jiko. Na unga wowote mweupe usiokuwa wa kula usiingie jikoni kabisa. Kostiki (ile soda kali ya kutengenezea sabuni ya mche), soda eshi, soda ya kuokea, chumvi, sukari: zimwage tano mezani uone kama utazitambua zote kwa macho. Kopo la maziwa ya unga lililowekwa kostiki na mtu aliyekuwa "anaihifadhi kwa muda" ni balaa linalosubiri siku yake.

Kwenye ndoo hiyo ongeza vitu viwili ambavyo watu hawavihesabu kama sumu. Kimoja ni vidonge vya kuongeza damu ambavyo mama mjamzito hupewa kliniki. Vingi ni vyekundu, vinang'aa, vimefanana na peremende, na madini ya chuma yaliyomo yanaweza kumuua mtoto mdogo akivimeza vingi. Kingine ni betri bapa ndogo za rimoti, saa na midoli. Ikikwama kwenye umio wa mtoto inaanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Hiyo haisubiri itoke chooni. Ni hospitali palepale.

Jiki na dawa ya choo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapoulizwa sana.

Mteja anakuja: sinki lina doa la kahawia, amemwaga jiki chupa nzima, doa limebaki. Anataka kuongeza dawa yangu juu ya jiki "ziwe na nguvu". Namuuliza, maji ya nyumbani ni ya nini? Kisima. Basi doa lile ni kutu na chumvi za maji ya kisima, na jiki haiondoi kutu. Jiki ni sodiamu haipokloraiti, hapa kwetu mara nyingi asilimia 3.5 au karibu na hapo. Kazi yake ni kuua vijidudu na kung'arisha. Anayeondoa kutu ni asidi, ndiyo iliyomo kwenye dawa ya masinki. Kila moja ina kazi yake na ina siku yake.

Zikikutana, asidi inaifukuza klorini kutoka kwenye jiki, inapanda kama gesi. Gesi hiyo ndiyo majeshi ya Ujerumani yaliyoifungulia upepo tarehe 22 Aprili 1915 karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, dhidi ya askari waliokuwa mahandakini upande wa Wafaransa. Kwa nini iliwafuata mpaka mahandakini? Kwa sababu ni nzito kuliko hewa, inashuka. Sasa fikiria choo chetu cha uani: mlango wa bati, tundu la hewa liko juu karibu na dari, na wewe umeinama na brashi. Umepeleka pua palepale gesi inapolala.

Utaijua kwa harufu kali inayochoma pua, machozi, kikohozi kisichokatika, kifua kubana. Usijaribu kumwagia maji ili "uizimishe", usirudi ndani kuchukua brashi. Toka, acha mlango wazi, wazuie watoto, kaa penye upepo. Kama kifua kinabana au unapumua kwa shida, nenda hospitali hata kama umepata nafuu kidogo, maana mapafu yanaweza kuharibika zaidi saa kadhaa baadaye.

Ndimu, limao na siki nazo ni asidi. Kuna mapishi ya usafi yanazunguka kwenye simu, jiki na ndimu kwa nguo nyeupe, yafute. Mkojo nao una shida yake na jiki, unatoa gesi za kloramini, kwa hiyo choo cha watoto au ndoo ya usiku ivutwe na maji mengi kwanza, jiki baadaye. Jiki na maji ya moto hapana. Na nguvu ya jiki haiongezeki kwa kuimwaga kavu: kwenye vituo vya afya, kusafisha damu, wanachanganya sehemu moja ya jiki ya asilimia 3.5 na sehemu sita za maji. Kama damu inatosheka na hapo, sakafu yako ya sebuleni inahitaji nini zaidi?

Anayetaka kutumia zote mbili afanye hivi. Asidi kwanza, sugua, vuta maji mara kadhaa mpaka harufu iishe. Jiki ifuate kesho.

Kostiki haiumi haraka, ndiyo ubaya wake

Siku hizi kila kikundi cha kina mama kinafundishana sabuni ya mche. Mimi nafurahi. Ila mafundisho mengi yanataja vipimo yakaruka usalama, na kostiki ndiyo mnyama mwenyewe kwenye sabuni ile. Iko pia kwenye dawa nyingi za kuzibua mabomba.

Ninavyofanya: ndoo nene ya plastiki, maji ya baridi ndani. Nimevaa glovu ndefu za mpira, miwani ya fundi, viatu vya kufunika vidole, na nimesimama upepo ukinitoka mgongoni. Chembe nyeupe nazidondosha kidogo kidogo huku nakoroga kwa mwiko mrefu wa mbao. Haichukui muda, ukigusa ndoo kwa nje unaona imepata moto ingawa hakuna jiko, na mvuke unaopanda unakwaruza koo. Nasubiri, naongeza tena. Kostiki inaingia kwenye maji. Maji hayamiminwi juu ya kostiki, kwa sababu yatachemka ghafla juu ya rundo na kukurukia usoni.

Sufuria ya alumini usiisogeze. Kostiki inaila: mapovu yanatoka, sufuria inageuka nyeusi, inapata vidonda na mwishowe tundu. Mapovu yale ni gesi ya haidrojeni, inayolipuka ikikutana na moto. Wanaofanyia sabuni jikoni pembeni ya jiko la mkaa huwa nawaomba wahamie uani.

Sasa ngozi. Asidi ikikudondokea unapiga kelele papo hapo, kwa hiyo unakimbilia maji. Kostiki inaanza kwa utelezi. Ukijisugua vidole vinateleza kama vina sabuni, na ni kweli: mafuta ya ngozi yako yanageuzwa sabuni. Maumivu yanakuja nyuma, wakati imeshazama. Ndiyo maana utelezi wenyewe ni ishara ya kukimbilia bomba, usisubiri kuwashwa.

Mtoto akiimeza, mdogo wangu ambaye ni muuguzi wa wodi ya watoto anasema msiba haumaliziki siku ile. Anaweza kupona, akacheza, halafu wiki kadhaa baadaye ugali haupiti. Kovu limeziba umio. Hapo huanza safari za kurudi hospitali kupanuliwa koo, mara kwa mara.

Pakiti isiyo na jina

Unamjua yule kijana wa spika begani: "Dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto..." Bei nzuri, pakiti ndogo, haina jina. Nami nakwambia usinunue, na sababu ni ya kitabibu kabisa. Dawa za wadudu za kundi la oganofosfeti zina dawa ya kuzipinga hospitalini, atropini. Dawa za panya zinazozuia damu kuganda zinapingwa kwa vitamini K. Dawa ya panya yenye fosfaidi ya zinki haina cha kuipinga; daktari anabaki kuusaidia mwili upambane. Sasa umemfikisha mtoto saa nane za usiku, daktari anauliza amekula nini, unasema "dawa ya panya, ya kijivu." Hujamwambia kitu.

Lebo nzuri ina jina la kemikali yenyewe, namba ya usajili na maelekezo ya huduma ya kwanza. Viuatilifu Tanzania vinasajiliwa na mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA. Kemikali kama hizi zangu zinaangukia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya mwaka 2003 ya kemikali za viwandani na majumbani. Tafuta pia ile alama ya mraba uliosimamishwa kwa pembe, mpaka mwekundu: fuvu maana yake inaua kwa kiasi kidogo, mkono unaoliwa na kitu kinachoudondokea maana yake inaunguza, moto unaujua. Neno HATARI ni zito kuliko ONYO.

Vidonge vya kuhifadhia mahindi navyo si vya chumbani. Kidonge cha fosfaidi ya alumini cha gramu 3 kikipata unyevu wa hewa hutoa gramu moja ya gesi ya fosfini, na fosfini haina dawa ya kuipinga. Gunia lililowekwa vidonge halilali chumba kimoja na watu, wala chumba cha jirani mnachogawana dari. Ukisikia harufu ya vitunguu saumu au samaki aliyeoza karibu na magunia, toa watu wote nje kwanza.

Naftalini, zile gololi nyeupe za kabatini, nitazipitia haraka: usiziweke kwenye nguo za mtoto mchanga. Huku kwetu penye malaria, watu wengi wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD bila kujua, na kwa mtoto wa aina hiyo naftalini inaweza kuvunja chembe za damu. Mkojo unakuwa wa rangi ya kokakola, macho yanakuwa ya njano.

Na piko, maana mimi ni mtu wa Tanga na harusi hazitaisha. Hina halisi ni ya majani, inatoka nyekundu ya kutu na inataka saa nyingi. Ikipakwa ikawa nyeusi tii ndani ya nusu saa, hapo kuna piko, na ndani ya piko kuna PPD, kemikali ya kupaka nywele rangi. Haikuwekwa duniani kwa ajili ya kuchorea ngozi. Bibi harusi anaweza kuamka na malengelenge yanayofuata kila ua na kila jani la mchoro, na tangu hapo mwili wake unaweza kuikataa rangi ya nywele maisha yake yote. Piko ikimezwa, uso na shingo huvimba mpaka njia ya hewa inaziba. Unga wake usikae kwenye kopo la viungo.

Likishatokea

Maziwa. Lazima nianze na maziwa, kwa sababu mtaani ndiyo dawa ya kila sumu. Maziwa si dawa ya sumu. Wala mafuta ya mawese, mayai mabichi au mkaa wa jikoni uliosagwa. Hata mkaa maalumu wa hospitali haufai kwa mafuta ya taa, asidi wala kostiki. Ukimshindilia mtoto maziwa utakachopata ni matapishi, na matapishi ndiyo hatari yenyewe. Asidi au kostiki iliyounguza ikishuka itaunguza tena ikipanda. Mafuta ya taa ni mepesi mno, yakipanda yanateleza kwenda mapafuni, na mapafuni ndiko yanakoua. Tumboni hayana makeke kiasi hicho. Kwa hiyo usimtapishe. Usimtie kidole kooni, usimpe maji ya chumvi, usimning'inize kichwa chini.

Mfute na kumsuuza mdomo, ateme. Mvue nguo zilizolowa na umwoshe ngozi kwa maji na sabuni. Kama ni mafuta ya taa au petroli, hakuna kibatari wala kiberiti karibu. Kama ni dawa ya wadudu, unayemhudumia vaa glovu, au hata mifuko ya plastiki mikononi, maana inapita kwenye ngozi. Mate mengi, jasho, kuharisha, mboni za macho zilizosinyaa na misuli inayotetemeka ni dalili za oganofosfeti. Mlaze ubavu asije akapaliwa, na msichelewe.

Jicho: maji, na maji tu, safi na mengi, dakika 20 zisizopungua, kabla ya kutafuta bajaji. Kama hakuna bomba, mtu mmoja amimine kwa jagi taratibu, mwingine ashike kope ziwe wazi. Atazikaza, usimwonee huruma. Jicho lililoumia liwe upande wa chini ili maji yasibebe kemikali kwenda kwenye lile zima. Maziwa ya mama hapana. Ndimu ya "kuua kostiki" hapana kabisa.

Ngozi: unga mkavu upangusie kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha maji yanayotiririka dakika 20 au zaidi. Fulana iliyolowa ikate kwa mkasi, usiivue kupitia usoni. Dawa ya meno, unga wa ngano na mafuta ya breki vinampa muuguzi kazi ya kukukwangua.

Hospitali nenda na chupa au pakiti yenyewe, hata kama imebaki tupu, na useme saa ngapi, kiasi gani, na mlimpa nini nyumbani. Sema ukweli kuhusu hayo maziwa pia. Usianzie kituo cha polisi kutafuta PF3. Mpeleke mgonjwa kwanza, karatasi itafuata.

Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa anaweza kuonekana mzima mkifika. Kwa kawaida huangaliwa kwa muda wa saa sita hivi, kwa hiyo usiharakishe kuondoka eti anacheza. Na mkisharuhusiwa, akianza kukohoa, kupumua mbio mbio, kunyonya hewa mpaka mbavu zinaingia ndani, kulegea au kupata homa, mrudisheni usiku huohuo.